Vibonzo vya Dar: kazi nzuri ya mkono inaharibikia wapi kati ya manila na meza ya magazeti?

Manila_na_Wino

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu kwa wachoraji wa Dar wanaotoa vitabu vyao wenyewe, maana matoleo mengi yanayofika mezani siku hizi yana ugonjwa mmoja. Mkono mzuri, hadithi inavuta, lakini ukifungua kitabu unakuta kivuli kimegeuka tope, maneno yamebanana hadi yanagusa ukingo wa kiputo (lile duara la maneno ya mhusika), na kurasa za katikati zimeliwa na kisu. Lawama zote hutupiwa kiwanda cha uchapaji. Kwa maoni yangu kosa linaanzia kwenye meza ya kuchorea, kabla mtu hajagusa penseli.

Jiji hili halikuanza vibonzo jana. Chakubanga wa Christian Gregory alisomeka kwenye gazeti la Uhuru. Jarida la SANI, jina lililoungwa kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilitupa akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Wakaja Kingo wa James Gayo na Kipanya wa Masoud. Karatasi ilikuwa ya kawaida kabisa na kazi ikasomeka, kwa sababu mstari ulikuwa mweusi hasa na kivuli kilijengwa kwa mistari. Anayechora leo kwenye tableti anaona ngazi kumi na mbili za kijivu kwenye kioo kinachowaka. Karatasi haiwaki.

Tushike mfano mmoja tusitawanyike: kitabu cha A5, kurasa 32 za ndani, nyeusi na nyeupe, jalada la rangi, nakala 500, pini mbili mgongoni. Kila mtu aseme anachokijua.

Fundi_Pleti

Mkuu umegusa penyewe. Nianze na hicho kijivu.

Mtambo hauna wino wa kijivu. Unachapa nukta nyeusi ndogondogo, na nukta ikigusa karatasi isiyo na mng'ao inanenepa. Kijivu cha asilimia 50 kwenye bond (karatasi ya kawaida ya kuandikia) kinaweza kutoka kama 70, na kwenye karatasi ya gazeti kinapita hapo. Ndiyo maana sura ya mhusika aliyesimama gizani inatoweka. Chagueni ngazi tatu tu za kijivu, tuseme 15, 30 na 50. Mnachotaka kiwe kizito kuliko hapo kifanyeni cheusi kabisa.

Pili, mistari na kijivu visikae kwenye tabaka moja la faili. Mistari iwe nyeusi tupu isiyo na kingo laini, dpi (nukta kwa inchi) 600 au zaidi kwa kipimo cha kitabu. Kijivu kinatosha dpi 300. Mkivichanganya pamoja kwenye JPEG, kila mstari unazungukwa na vumbi la nukta na herufi zinaonekana kama zimeota manyoya.

Tatu, faili lililotengenezwa kwa rangi za kioo. Weusi wake ukigeuzwa kwa ajili ya mtambo unakuwa mchanganyiko wa rangi nne. Kwenye jalada hilo ni janga kwa maandishi: pleti nne (mabamba ya kuchapia, moja kwa kila rangi) zikipishana hata kwa nusu milimita, herufi inapata kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Maandishi yote yawe asilimia 100 ya weusi peke yake, sifuri kwenye rangi nyingine tatu. Na angalieni jumla ya wino: kwenye karatasi ya gazeti isizidi asilimia 240, kwenye art paper, ile karatasi yenye mng'ao, kama 300. Ikizidi, jalada halikauki, na wino unahamia mgongoni mwa karatasi iliyolala juu yake.

KisuKikali

Naongezea habari ya kisu. Kurasa 32 za A5 ni karatasi nane za A4 zilizokunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine. Bond ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Karatasi ya ndani kabisa inasukumwa nje na saba zilizoko juu yake pamoja na jalada, kwa hiyo ukurasa wa 16 na 17 unatokeza kama milimita 1 kuliko jalada. Kisu kinakata vyote kwa mstari mmoja, na kinachokatwa zaidi ni cha katikati. Jumlisha na kisu chenyewe kuhama milimita moja au mbili kati ya rundo na rundo.

Kwa hiyo: picha inayofika ukingoni ipitishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata. Kiputo, neno lolote na uso wa mhusika vikae milimita 8 ndani. Upande wa mgongo wekeni 10, maana kitabu cha pini hakilali wazi kabisa. Wengi wanaogopa nafasi nyeupe pembeni wakidhani ni hasara ya karatasi. Vidole gumba vya msomaji vinakaa wapi?

Kijana_wa_Temeke

Shukrani wakuu. Mimi nauliza kuhusu kuchora kwa mkono. Manila ya dukani inafaa au lazima bristol, ile karatasi nzito ya wachoraji? Na wino gani?

Manila_na_Wino

Manila inafaa, mdogo wangu, ila uijue. Chukua ya gramu 160 hadi 200, na jaribu pande zote mbili kwa kalamu moja kabla hujakata rundo zima, kwa sababu upande mmoja huwa laini na mwingine una vinyweleo. Kwenye vinyweleo wino unatambaa: unapiga mstari safi, dakika moja baadaye una miguu ya jongoo. Joto la Dar na unyevunyevu wa pwani vinazidisha hali hiyo. Karatasi iliyokaa wazi karibu na dirisha wakati wa masika inakuwa imekunywa maji kabla hujaigusa. Ihifadhi imelala kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na chini ya mkono weka karatasi nyingine, maana jasho la kiganja linaacha doa la mafuta ambalo wino unalikataa.

Chora kwenye A4, kitabu kiwe A5. Hapo kazi inapunguzwa hadi asilimia 71. Fanya hesabu kwa kila kitu: kalamu ya milimita 0.3 inakuwa 0.21 kitabuni, safi. Kalamu ya 0.1 inakuwa 0.07, na mstari huo unakatikakatika kwenye pleti. Mtu anachora nywele nzuri sana za msichana kwa 0.1, kitabu kinatoka ana kipara chenye madoa. Tumia 0.3 kwa vitu vidogo, 0.5 kwa mwili, na brashi au 0.8 kwa umbo la nje la aliyeko mbele.

Penseli ya chini tumia ya buluu hafifu. Ukiskani kwa rangi kisha ukachukua chaneli ya buluu peke yake, penseli inafifia hadi karibu nyeupe na wino unabaki mweusi. Hufuti kwa raba, na raba ndiyo inayokwangua wino. Skani dpi 600 kwenye A4. Ukipunguza hadi A5 unapata karibu 850, inatosha na kubaki.

Wino wowote mweusi usioyeyuka kwa maji. Subiri nusu saa kabla ya kupitisha mkono juu yake. Siku za mvua subiri zaidi.

Dada_Herufi

Niruhusuni niseme kwa kirefu, maana maneno ndiyo yanayoonewa kuliko chochote kwenye vibonzo vyetu.

Wengi wanachora viputo kwanza halafu wanatafuta pa kuweka maneno. Na kiputo wamekikariri kutoka vitabu vya Kiingereza, lugha ya maneno mafupi mafupi. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawajatutambulisha" ni herufi 18. Ukilitia kwenye kiputo chembamba cha wima litajaza mstari peke yake, au utalipunguza hadi lisisomeke. Kiputo cha Kiswahili kinataka upana. Andika maneno kwanza, yapange kwenye mistari, ndipo ukizungushie kiputo, ukiacha nafasi ya herufi moja kila upande. Lisomeke umbo la yai lililolala: mistari mifupi juu na chini, mirefu katikati.

Neno likibidi kukatwa, likatwe kwenye silabi, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Msitenganishe mb, nd, nj, ng, ny, sh, ch, dh, gh. Na bora zaidi ni kukata panapoanza mzizi au kiambishi chenye maana: "hawaja-tutambulisha" inasomeka kwa pumzi moja, "hawajatuta-mbulisha" inamkwaza msomaji ingawa silabi ni halali. Programu nyingi zinakata maneno kwa kanuni za Kiingereza na zitakuletea "hawajatutam-bulisha". Zimeni ukataji wa moja kwa moja, kateni wenyewe.

Kosa la pili ni herufi I. Fonti nyingi za vibonzo zina I mbili: moja yenye vijiti juu na chini, imewekwa kwenye herufi kubwa, nyingine kijiti kitupu, imewekwa kwenye herufi ndogo. Ile yenye vijiti ilitengwa kwa ajili ya neno la Kiingereza la "mimi" linalosimama peke yake. Mwandishi wetu anabonyeza kitufe cha herufi kubwa anaandika mfululizo, na KILIO, SIKILIZENI, HIVI HIVI zinajaa vijiti kama ua la miti. Macho yanakwama bila msomaji kujua kwa nini. Andikeni kwa herufi ndogo, fonti yenyewe itazichora kubwa, na kila I itatoka kijiti kitupu.

Tatu, ng'. Fonti za bure nyingine hazina alama ya ritifaa, hivyo programu inaazima kutoka fonti nyingine, na unaona kakoma kembamba kasikofanana na herufi jirani. Nyingine zinaacha pengo kubwa baada yake, NG' OMBE, kama maneno mawili. Kabla ya kuichagua fonti andika hivi: "Ng'ombe wa ng'ambo ameng'atwa na nyang'au." Ikipita hapo bila pengo wala alama ngeni, inafaa.

Kipimo: herufi kubwa isipungue milimita 2.2 kitabuni. Ukiandika kwa mkono kwenye A4, hiyo ni milimita 3.1, kwa hiyo piga mistari ya penseli kila milimita 3.5 na nafasi ya 2 katikati. Maneno kwa kiputo kimoja yasizidi 15 hadi 18. Yakizidi, vunja viputo viwili.

Tifu_na_Chubwi

Dada Herufi umenena. Na sauti je? Inaniuma kuona BOOM na SPLASH kwenye kibonzo cha Manzese wakati tanakali zetu zina ramani kamili. Mtu akianguka sakafuni ni pu, mchangani ni tifu, majini ni chubwi, matopeni ni tapwi. Neno moja linamwambia msomaji ameangukia nini, hata kama mchoraji hakuchora ardhi. Mlango umefungwa ndi. Watu wamenyamaza jii. Giza totoro. Mchoraji akiandika TAPWI mwenye bodaboda anapoteleza wakati wa mvua, hana haja ya fremu nyingine kuonyesha tope.

Dada_Herufi

Kweli kabisa, na kuna faida ya kazi pia: ni fupi. Pu ina herufi mbili, unaweza kuichora kubwa kuliko mhusika mwenyewe. Irabu ndiyo ya kuvuta, PUUU, TIIIFU. Zichorwe kwa mkono ndani ya picha, zisipigwe kwa fonti. Na ziingie kwenye tabaka la mistari, sio la kijivu.

Muuza_Sura

Wakuu nawaheshimu lakini nina pingamizi. Mezani kitabu cha rangi ndicho kinachokamatwa. Kitabu cheusi na cheupe kinafunguliwa na kurudishwa. Mbona mnawakatisha watu tamaa na rangi?

Fundi_Pleti

Hakuna anayekataza rangi, mkuu. Tuhesabu pleti, ndipo utaona.

Mitambo mingi midogo ya hapa mjini ni aina ya GTO inayokula karatasi ya sentimita 36 kwa 52. Hapo inaingia A3, yaani kurasa nne za A5 kila upande, nane kwa karatasi. Kurasa 32 ni karatasi nne, pande nane. Nyeusi tupu ni pleti nane. Rangi kamili ni pleti 32, na kila pleti inasetiwa, inapoteza karatasi za kujaribia, na mtambo unaoshwa kabla ya wino mwingine. Hiyo gharama ni ileile uchape nakala 100 au 5,000. Kwa nakala 500 inamlemea kila mnunuzi.

Sasa njia ya kati ambayo wengi hawaijui. Karatasi ya nje kabisa kati ya zile nne inabeba kurasa 1 hadi 4 na 29 hadi 32. Ongeza rangi moja tu, tuseme nyekundu, kwenye karatasi hiyo peke yake: ni pleti mbili zaidi, jumla kumi. Mchoraji apange hadithi ili damu, kanga au taa za gari viangukie kwenye kurasa hizo nane. Anayefungua kitabu mezani hukutana na kurasa za kwanza, na anayekipekua kutoka nyuma hukutana na za mwisho. Nyekundu ikiwa asilimia 30 inakuwa waridi, ikilala juu ya kijivu inakuwa kahawia. Rangi moja inakuzalia tatu.

Jalada ndilo lipewe rangi nne bila ubahili, art paper ya gramu 200 au 250. Na chini ya nakala mia mbili au tatu achaneni na pleti, nendeni dijitali, bei ya kila nakala haibadiliki sana. Ila wino wa dijitali ni unga unaong'aa na kupasuka kwenye mkunjo, kwa hiyo weusi mzito usipite juu ya mgongo wa jalada.

Muuza_Sura

Hiyo ya karatasi ya nje sikuijua. Nimeridhika.

Mzee_Kabati

Vijana, nami nina ombi kuhusu matoleo ya zamani, kwa sababu naona watu wanachapa upya kurasa za SANI za miaka ya 80 na kuziuza bila kuuliza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Philip Ndunguru, mkono uliomchora Lodi Lofa, alifariki 1986. Hesabuni: hadi mwisho wa 2036. Kutokuonekana mtu wa kukushitaki hakuifanyi kazi kuwa ya bure. Tafuteni familia na mwenye jarida, muandikishane.

Kuhifadhi ni jambo jingine na ni la haraka. Karatasi ile inakuwa ya manjano na kuvunjika kwa asidi yake yenyewe, na unyevu wa Dar unaleta madoa ya kahawia na wadudu. Msitie lamineti wala gundi ya uwazi, hiyo ni kuua. Toeni pini zilizoshika kutu kwa kisu butu, pigeni picha au skani kwa rangi dpi 600 bila kunyoosha mikunjo kwa pasi. Ukiweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaouskani, maandishi ya upande wa pili hayatokezi. Halafu zilazeni kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje.

KisuKikali

Mzee umenikumbusha pini. Hapa pwani pini ya kawaida inaota kutu ndani ya miezi, na kutu inakula karatasi pale pale kwenye mkunjo. Mwambieni fundi atumie waya uliopakwa zinki. Tofauti ya bei kwa nakala 500 ni ndogo sana.

Meza_ya_Posta

Naongelea mauzo. Wauza magazeti wengi wanachukua mali kauli: unaacha nakala, unarudi kuchukua fedha na zilizobaki. Usiache nakala 50 mahali pamoja. Acha tano au sita kwenye meza kumi, andika kwenye daftari tarehe na idadi, muuzaji asaini, urudi baada ya wiki mbili siku ile ile. Ukichelewa mwezi, nakala zimefifia kwa jua na fedha imeshaingia kwenye mzunguko wa magazeti ya kila siku.

Kitabu mezani kinaning'inizwa kwa kibanio au kinapangwa kwa kupandana, kwa hiyo kinachoonekana ni theluthi ya juu peke yake. Jina la kibonzo, namba ya toleo na uso wa mhusika viwe hapo juu. Bei ichapwe kwenye jalada, la sivyo kila meza itakuwa na bei yake. Namba ya kulipia kwa simu ikae ndani ya jalada la nyuma kwa wanaotaka toleo lijalo.

Na jambo la makaratasi: kitabu kimoja kamili kinaombewa ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukikiita jarida na kuahidi kila mwezi, umeingia kwenye leseni za Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kupitia Idara ya Habari, MAELEZO. Amueni ni kipi kabla ya kuchapa neno "jarida" kwenye jalada.

Kijana_wa_Temeke

Swali la mwisho kwa upande wangu. Kurasa hizo hizo naweza kuzigawa kwa WhatsApp?

Tifu_na_Chubwi

Usitume ukurasa mzima wa A5 kama picha. WhatsApp inaibana, na herufi ya milimita 2.2 kitabuni haisomeki kwenye simu bila kukuza. Kata fremu, zipange wima, upana wa pikseli 1080, fremu moja au mbili kwa picha. Herufi ziwe na kimo cha pikseli 36 angalau. Kwenye kioo cha upana wa milimita 68 hiyo inatoka karibu 2.3. Kwa sababu hiyo weka maneno kwenye tabaka lake tangu mwanzo, uweze kuyakuza bila kuchora upya. Ukitaka kutuma kitabu chote, tuma PDF kama hati, sio picha.

Kijana_wa_Temeke

Na fundi, mpangilio wa kurasa naufanya mimi au kiwanda?

Fundi_Pleti

Kiwanda. Wewe lete PDF ya ukurasa mmoja mmoja kwa mfuatano, 1 hadi 32, kila mmoja na zile milimita 3 za kukatwa. Ila tengeneza kitabu cha mfano kwa mkono: kunja karatasi nane za A4, ziingize moja ndani ya nyingine, ziandike namba kwa penseli, kisha zifungue. Karatasi ya nje utaona 32 na 1 upande mmoja, 2 na 31 upande wa pili. Kila jozi inayokaa pamoja inajumlishwa kuwa 33. Peleka mfano huo kiwandani pamoja na faili, na karatasi ya kwanza ikitoka mtambo ukiwa bado umesimama, jumlisha namba palepale. Ukipata jozi yenye 32 au 34, simamisha kazi, pleti imewekwa mahali pasipo pake.